Ubani wa Mkalimani

Watu wa kwetu Stockholm walimwita Mkalimani, na wengi wao walipomwona anakuja walivuka barabara. Hawakumchukia. Ila ukimwona amevaa lile koti lake la kijivu, mkoba mwembamba kwapani, ulijua kwamba mahali fulani pana mtu anayekwenda kuambiwa jambo, na mara nyingi jambo lenyewe halikuwa la heri. Alitafsiri hospitalini, alitafsiri mahakamani, na zaidi alitafsiri katika ofisi ile inayoamua nani abaki Uswidi na nani arudi alikotoka. Mama Furaha, jirani yetu Mkongo aliyetoka Uvira na watoto wanne, aliwahi kuniambia, "Ule muzee, akiingia tu mu chumba, roho yangu inaanguka. Hajafungua hata kinywa, lakini miye najua."

Mimi nilimjua kwa zaidi ya miaka kumi, nami nilimwogopa kwa sababu nyingine. Yeye ndiye aliyemzika mjomba wangu.

Ndivyo tulivyoambiwa nyumbani tangu sijazaliwa. Kaka yake mama alikwenda kusoma Urusi enzi za Kisovieti, akapangiwa chuo cha kilimo katika mji wa Frunze, mji mkuu wa Kirgizistani ambao siku hizi unaitwa Bishkek, mbali kiasi kwamba hata ukiutazama kwenye ramani unachoka. Akafa huko kwa maradhi ya tumbo. Mwenzake wa safari, kijana wa Tabora, akamwosha, akamvika sanda, akamsalia, akamzika. Kijana huyo alikuja mwenyewe Pangani kuleta tanzia, akala wali barazani kwa bibi, na kwa neno lake peke yake matanga yakaanuliwa. Barua ya serikali haikuja, si mwaka ule wala baadaye. Lakini kwetu aliyeleta tanzia hahojiwi. Mjumbe hauawi, na aliyekuzikia maiti yako unamshika miguu kwa shukrani.

Basi miaka ikapita. Baba aliletwa Uswidi kwa mafunzo ya ufundi, akabaki, akatuita. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa na mama katika maduka ya Hallunda, kitongoji cha hapa Stockholm, tunachagua ndizi, nikamwona amesimama wima anamtazama mzee mmoja mwenye koti la kijivu. Alimwendea moja kwa moja, bila salamu, jambo ambalo mama hafanyi hata kwa mtoto.

"Wewe ndiye uliyemzika kaka yangu," alisema.

Uso wa yule mzee ulikauka. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akatazama mlango wa kutokea.

"Mimi ndiye niliyekuja Pangani," alijibu.

Ilinichukua miaka kuona kwamba hilo halikuwa jibu la alichoambiwa. Siku ile niliona machozi ya mama tu, na mkono wake ulioushika mkono wa mzee kama mtu aliyeokota kitu chake njiani. Alimwalika chakula. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kwetu Vårby gård, Jumapili kwa Jumapili, anakula kimya, anaosha sahani yake mwenyewe, anaondoka kabla ya giza.

Alikuwa na msemo mmoja, nao aliutumia ofisini, mezani, hata alipoulizwa kama chai ina sukari ya kutosha: "Siongezi, sipunguzi." Watu waliukariri kwa dhihaka. Mimi niliusikia ukitumika kweli siku kaka yake Mama Furaha alipokuwa mahututi, nami nikaenda hospitali kumshika mkono jirani yangu. Daktari alisema sentensi tatu fupi kwa Kiswidi, na nilizielewa kabla hazijatafsiriwa. Mama Furaha naye alikwisha kuzisoma usoni mwangu. Akamgeukia Mkalimani.

"Papa, umuambie polepole. Tia hata neno moja ya tumaini. Mungu hatakuhesabia."

"Hapa mimi si mimi, Mama," alisema. "Mimi ni mdomo wa daktari." Kisha akamwambia mgonjwa kwa Kiswahili chake kilichonyooka kwamba ugonjwa umeenea, kwamba dawa zitasimamishwa, kwamba zimebaki wiki wala si miezi. Neno kwa neno. Nilimchukia siku ile, na sioni haya kusema.

Lakini mtu huyohuyo, maziko yalipofika, alikaa siku tatu jikoni kwa Wakongo hao, mikono imezama kwenye masufuria yao, hali hata dini yao si yake. Hakusema pole wala hakuimba. Alisugua vyombo tu. Watu walishindwa kujua wamweke kapu lipi, la wenye roho mbaya au la wenye huruma, mwishowe wakamwacha alipo.

Jambo jingine lilikuwa hili. Alipofiwa Mwislamu yeyote mjini, Mkalimani alifika wa kwanza na kusimama nje ya chumba cha kuoshea, koti limefungwa vifungo vyote. Ndani hakuingia hata siku moja. Siku moja wanaume walipungua, imamu akamwita kwa ishara ya mkono, naye akatikisa kichwa, akarudi nyuma mpaka akagusa ukuta. Mama alikuwepo upande wa wanawake, akaliona hilo kupitia mlango uliokuwa wazi. Nilidhani atashangaa, maana ni huyu aliyemwosha ndugu yake kwa mikono yake. Hakushangaa. Alivuta mtandio wake mbele, basi.

Treni zilimtawala. Ndege hakupanda, na gari aliliona kama adhabu, lakini ndani ya treni alikuwa mtu mwingine, macho makali, mwili umekaza. Alikaa akiuelekea mlango siku zote. Treni ya chini ya ardhi ilipopunguza mwendo kuingia kituoni, alimshika mtu aliyefuatana naye kifundo cha mkono, akamshikilia mpaka milango ifungwe na treni iondoke. Sisi watu wazima tulivumilia. Binti yangu alipokuwa na miaka minane alishikwa hivyo kituo baada ya kituo, mwisho akalia kwa Kiswidi, "Släpp mig!", amwachie. Alama za vidole zilibaki mkononi mwake mpaka jioni. Mkalimani alimwomba radhi kwa lugha zote alizozijua, akamwomba tena Jumapili iliyofuata, na iliyofuata, mpaka mtoto akaanza kujificha chumbani akisikia kengele.

Mimi kazi yangu ni kuendesha hizo treni. Aliponijua hivyo alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Ukifunga mlango," aliniuliza, "unatazama nyuma?"

"Kuna vioo. Natazama kioo."

"Na ukimwona mtu amesimama pale, amenyoosha mkono?"

"Nafungua tena."

Alitikisa kichwa taratibu. "Wewe unafungua tena," alisema, akarudi kwenye chai yake. Kuanzia hapo sijawahi kufunga mlango kituo chochote bila kumkumbuka, na nakiri kwamba jambo hilo limenichosha.

Kila baada ya mwaka mmoja, kiangazi, alisafiri. Feri hadi Helsinki, treni hadi Moscow, kisha treni nyingine ya siku tatu na zaidi, kupita Urusi, kuingia Kazakistani, hadi Bishkek. Sote tulijua anakwenda kuzuru kaburi la mjomba. Mama alianza maandalizi wiki nzima kabla. Alifunga ubani katika kitambaa cheupe, kichupa cha marashi pembeni, akakaza uzi wa kijani kwa fundo lake ambalo hakuna mwingine anayelijua. Alimkabidhi kwa mikono miwili. Mkalimani aliupokea kwa mikono miwili, na kila mara paji la uso lilimtoka jasho.

Safari aliisimulia vizuri ajabu kwa mtu asiye na maneno. Alieleza birika kubwa la maji ya moto mwisho wa behewa, na bilauri za chai zinazogongana kwenye vishikio vya chuma usiku kucha. Alieleza wanawake wanaouza samaki wakavu dirishani, na mhudumu wa behewa ambaye ana ufunguo wa kila mlango na ambaye neno lake ni sheria. Hasa alieleza nyika. Unalala umeiona, unaamka ipo, tambarare bila mti, na hapo katikati treni inasimama kwenye kituo chenye nyumba mbili na mbwa mmoja, wala huoni sababu ya mtu kushuka. Akifika hapo sauti yake ilikuwa inashuka. Mji wenyewe hakuusimulia. Nikimuuliza Bishkek ikoje, alijibu, "Ni mji."

Na mama hakuchoka kumuuliza.

"Pakoje?"

"Pana upepo."

"Majani je?"

"Yamekuwa marefu."

"Ubani ulichoma?"

Hapo alikunywa chai kwanza. "Nilikuwa nao mkononi," alisema.

Mama aliitikia kwa kichwa, akamwongezea wali. Mimi nilikaa nikiwatazama hao wawili, na nywele zilinisimama bila kujua kwa nini.

Nilikuja kujua kwa nini siku mama aliponituma Hallunda, nyumbani kwa Mkalimani, kumpelekea ubani wa safari nyingine. Mkalimani alinifungulia mlango akiwa na simu sikioni, anamtafsiria mtu fulani mambo ya mahakama, akanionyesha kwa kidole nijichukulie bilauri kabatini. Nilikosea kabati. Nilipofungua, harufu ilinipiga usoni kabla ya macho kuona. Vifurushi vyote vilikuwa mle, vimepangwa kwa safu, kitambaa cheupe, uzi wa kijani, fundo la mama, hakuna hata kimoja kilichofunguliwa. Upande wa ndani wa mlango wa kabati palikuwa na ramani ya reli. Palipoandikwa Bishkek palikuwa safi kabisa. Alama ilikuwa katikati ya nyika, kituo kisicho na jina, na karatasi hapo ilikuwa imechakaa kwa kuguswa na kidole mpaka inakaribia kutoboka.

Nilifunga kabati. Yeye aliendelea kusema kwenye simu, sauti ileile, lakini alikuwa amenigeukia na ananitazama. Niliacha kifurushi kipya mezani nikatoka. Mama sikumwambia. Ningependa kusema nilinyamaza kwa hekima, lakini nilinyamaza kwa woga. Ikiwa ubani haukuchomwa, basi kaburi halipo pale tulipoambiwa, na ikiwa halipo, mama amekuwa akimlilia ndugu yake kuelekea upande mtupu maisha yake yote.

Miaka miwili baadaye Mkalimani alianguka jikoni kwake. Mguu na mkono wa kushoto vikakataa, akapelekwa nyumba ya wazee Hagsätra, karibu na mwisho wa reli ya kijani ya treni ya chini ya ardhi. Mama naye moyo ulikuwa umeanza kumsumbua, akawa analala ameegemea mito. Asubuhi moja aliniita.

"Kabla sijafa, mmoja wetu akalione kaburi kwa macho yake. Nenda kamuulize liko upande gani wa mji."

Sikuwa na pa kujificha tena. Nikaenda.

Nilimkuta ameketi dirishani na koti lake la kijivu, ndani ya nyumba yenye joto. Kutoka pale kituo kilionekana, na kila treni ilipoingia mkono wake mzima ulitafuta kifundo changu ukakishika. Nilimpa swali la mama kama lilivyo.

"Wewe uliona kabati," alisema.

"Niliona."

"Mjomba wako hakufika Frunze." Alisema hivyo kwa sauti yake ya ofisini. "Siku ya pili baada ya Moscow tumbo lilimshika. Ulikuwa msimu wa kipindupindu, watu wa behewa wakaogopa. Treni ikasimama kituo kidogo nyikani, mchana, jua kali. Yule mama mwenye ufunguo akaniambia mgonjwa atashuka peke yake, gari la hospitali linakuja. Akasema, na wewe ukishuka utazuiwa hapahapa, chuo hutakiona. Mjomba wako Kirusi alikuwa hakijui, aliugua karibu muda wote wa kozi yetu ya lugha. Kila neno nilimtafsiria mimi. Akaniuliza, 'Wanasemaje?'"

Treni iliingia kituoni. Alinishika mkono mpaka ikaondoka.

"Nikamwambia, wanasema tutashuka wote. Wewe tangulia, mimi naleta mizigo."

"Akashuka?"

"Akashuka. Akageuka, akanyoosha mkono apokee sanduku. Mlango ukafungwa."

Niliogopa kumuuliza yaliyofuata, lakini aliyasema bila kuulizwa. Alirudi baada ya wiki tatu alipopata ruhusa. Hapakuwa na gari la hospitali, hapakuwa na daftari lenye jina, na hakuna aliyekiri kumwona. Kaburi hakuoneshwa. Hakujua kama alikufa siku ile au baada ya mwaka, wala hakujua kwa hakika kama alikufa. Alikwenda Pangani akiwa amedhamiria kusema kweli, akamkuta bibi anamtazama mdomoni, akasema mengine. Tangu alipohamia Uswidi amekuwa akishuka kituo kile kila safari, anaulizauliza siku mbili tatu, anarudi. Ubani hakuuchoma kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuuchomea.

"Mpelekee mama yako," alisema. "Leo mkalimani ni wewe. Usiongeze, usipunguze."

Njia ya kutoka Hagsätra hadi Vårby gård ni ndefu ukiwa na mzigo kama ule. Nilimkuta mama kitandani, sinia ya mchele mapajani, anachambua.

"Anasemaje?" aliuliza.

Swali lilelile. Nikakaa pembeni ya kitanda. Kisha nikamwambia yote, na vidole vyake havikuacha kuchambua mchele hata mara moja.

"Kaka yangu," alisema nilipomaliza, "mguu wa kushoto alikuwa na vidole viwili vilivyoshikana kwa ngozi. Alivionea haya, hakuvua soksi mbele ya watu. Yule kijana alikaa barazani akamwambia bibi yako, nilimwosha vizuri, mama, mpaka katikati ya vidole vya miguu, kidole kwa kidole. Bibi yako alikuwa anapakua wali. Mwiko ulisimama hewani."

"Mlijua? Tangu siku ile?"

"Tulijua."

"Mbona matanga yakaanuliwa?"

"Bibi yako alisema mgeni haaibishwi akiwa na tonge mkononi. Alipomaliza kula akaondoka hapohapo, na sisi tungempata wapi? Bibi yako amekufa na swali lake." Alipuliza pumba kwenye sinia. "Nikaja kumpata mimi, Hallunda, kwenye ndizi."

"Na ubani, mama?"

"Nisingempa ubani angeacha kwenda. Aliyemwacha mtu njiani ndiye anayejua pa kumtafuta."

Nilimtazama mama yangu, mwanamke anayewaita paka wa jirani kwa majina, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwogopa yeye. Miaka yote ile, wali ule, mikono miwili ile. Alikuwa akimrudisha kwenye kile kituo, safari baada ya safari, kwa fundo la uzi wa kijani.

"Mwambie nilijua," alisema. "Mwambie ubani haukuwa wa kaburi, ulikuwa wa njia. Na mwambie sijamsamehe." Alinyoosha mkono chini ya mto akatoa kifurushi cheupe, kimekwisha kufungwa. "Huu ni wako. Likizo yako inaanza lini?"

Siku ya pili yake nilirudi Hagsätra. Mkalimani alikuwa dirishani palepale, amenyolewa, koti limefungwa vifungo vyote, kama anayesubiri kuitwa ndani. Nilisimama mbele yake nikasema mama anasema alijua. Nikamweleza habari ya vidole, naye akafumba macho. Nikasema ubani ulikuwa wa njia. Kisha nikanyamaza. Alikuwa mzee, nusu ya mwili imekufa, nami si jiwe.

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

"Hukupunguza?"

"Sikupunguza."

Alifumbua macho akanitazama, naye alikuwa amewatazama watu wakisikia mabaya kwa miaka thelathini. "Sema na lile la mwisho," alisema.

Nikasema. "Hajakusamehe."

Alipumua, pumzi ndefu, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. "Asante," alisema. "Sasa imefika."

Ndipo akakiona kifurushi mkononi mwangu. Alitazama fundo, akanitazama mimi, na hakuuliza ni cha nani.

"Treni inasimama pale dakika mbili tu," alisema. "Kaa karibu na mlango mapema. Mizigo yako ishike mwenyewe. Ukiwa na mtu, mshuke pamoja. Usimtangulize."

Nje treni ilikuwa inaingia kituoni. Nilimsogezea mkono aukamate kama kawaida yake, lakini hakuukamata.